Asilimia 60 ya uzito upi? Matarajio kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito

Mama_Wawili:
Salaam kwenu nyote. Nina urefu wa mita 1.62, uzito wa kilo 118 na kisukari, na mwezi ujao natarajia kufanyiwa upasuaji ule ambao sehemu kubwa ya mfuko wa chakula hukatwa na kuondolewa, ukabaki mwembamba kama ndizi. Katika daftari langu nimeandika lengo la kilo 62, uzito niliokuwa nao siku ya harusi yangu. Daktari aliniambia kwamba nitapungua asilimia 60, lakini nikikokotoa asilimia 60 ya 118 napata karibu kilo 71, yaani nitabaki na 47, jambo ambalo haliniingii akilini. Nitegemee kufikia uzito gani hasa?

Muuguzi_wa_Zamu:
Dada, daktari hakukosea, ila alikuachia hesabu nusu. Asilimia hiyo ni ya uzito wa ziada, si ya uzito wote. Kwa urefu wako, BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) ya 25, mpaka wa juu wa uzito wa kawaida, ni kilo 66 hivi, kwa hiyo ziada yako ni kilo 52, na asilimia 60 yake ni kilo 31. Utashuka hadi 87. Ukipima kwa uzito wote, upasuaji huo kwa kawaida hupunguza asilimia 25 hadi 30 katika mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo hesabu zote mbili zinakutana. Kilo 62 zingedai upungue asilimia 47, na wanaofika huko ni wachache mno. Tena uzito hurudi kidogo: katika utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987, waliounganishiwa utumbo ili chakula kipite njia ya mkato walipungua wastani wa asilimia 32 mwanzoni, lakini baada ya miaka 10 ilikuwa 25.

Nilipita_Huko:
Mwenzangu, nilifanyiwa upasuaji kama wako miaka mitatu iliyopita nikiwa na kilo 126, nikitaka 70. Mwezi wa kumi na nne nilifika 88, mizani ikagoma, na leo nina 92. Siku ilipogoma nililia bafuni, ilhali nilikuwa nimekwisha kuachishwa vidonge vya presha na nilikuwa ninasujudu bila kushika kiti. Kijiko cha sita cha ugali ndicho changu cha mwisho. Cha saba hurudi. Nisilolitarajia ni ngozi ya mikono kuning'inia, na majirani kuulizana kama nimepata "ule ugonjwa".

Mama_Wawili:
Ahsanteni sana. Kilo 87 ndizo nilizokuwa nazo nilipoanza kujiona mnene, baada ya mtoto wa pili, kwa hiyo sitadanganya kwamba nimefurahi. Ile 62 nimeikata kwa mstari mmoja tu, bado inasomeka. Je, ni kweli kwamba vidonge vya vitamini ni vya maisha?

Muuguzi_wa_Zamu:
Ni kweli: vitamini B12 na D, madini ya chuma na kalsiamu, pamoja na kupima damu kila mwaka, hivyo viweke kwenye bajeti tangu sasa. Dawa za kisukari usiziache mwenyewe hata sukari ikishuka wiki ya kwanza, kama inavyotokea mara nyingi. Mpigie daktari akupunguzie dozi.