Ushauri wenu wakuu: makaratasi ya zamani Moshi nayapata wapi?

Chalii wa Soweto: Habarini wakuu. Babu yetu wa Kibosho, mkulima wa kahawa tangu ujana, tunamfanyia sherehe. Nataka kumtengenezea fremu yenye makaratasi ya enzi zake: stempu, postikadi, tiketi ya treni, stakabadhi za KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro. Soko Kuu na Mbuyuni nimezunguka mpaka wauza ndizi wananijua. Nianzie wapi? Na feki naijuaje? Nawasilisha.

Mzee wa Bahasha: Mangi, ukiulizia "vitu vya kale" utapelekwa kwa wauza vinyago, bei ya mtalii. Tafuta wauza vitabu vya mitumba na wanaonunua makaratasi kwa kilo. Kila kitabu kipekue katikati, watu walikuwa wanachomeka barua na postikadi humo wakasahau.

Ukipata stempu ikiwa bado kwenye bahasha, USIIBANDUE! Muhuri wa posta wenye jina la mji na tarehe ndio unaoifanya iwe ya Moshi. Bila huo ni stempu tu. Za Mjerumani muhuri unasomeka "Moschi". Zenye Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja zilianza 1935.

Kahawa Chungu: Feki nyingi zinajikamatisha kwa tarehe. Ukiuziwa tiketi ya treni Moshi–Arusha ya 1920, kimbia, reli ilifika Arusha 1929. Stakabadhi ya KNCU ya 1927 vilevile: wakati huo kulikuwa na KNPA, chama cha wakulima kilichoitangulia, kilichoanza 1925. Halafu beba lenzi. Kwenye kopi ya printa, muhuri na picha vyote ni vidoti vilevile. Kwenye halisi unaona kabisa wino wa muhuri umepita juu ya picha.

Mama Kihamba: Mwanangu, stakabadhi za kahawa unazifuata sokoni za nini? Waulize shangazi zako. Wazee hawakutupa karatasi ya malipo, maana malipo ya pili yalikuwa yanakuja baadaye na lazima uwe na ushahidi. Na fundi fremu asikushawishi kupiga lamineshi wala kubandika selotepu. Mimi ningeweka kopi ya rangi ukutani, halisi ikae kwenye bahasha mbali na jua.

Mzee wa Bahasha: Kopi kwenye zawadi ya babu? Hapana bwana. Weka halisi, ila fremu isitundikwe panapopigwa na jua.

Chalii wa Soweto: Mama Kihamba, ubarikiwe. Shangazi katoa bunda zima kwenye sanduku la bati, limefungwa kwa kamba ya katani. Kilo zimeandikwa kwa kalamu ya kopi, zambarau bado inang'aa. Shida moja: kuna karatasi ya deni la dawa za mibuni ambalo bibi hajawahi kulisikia.

Kahawa Chungu: 😂 Hiyo mrudishie babu mwenyewe, faragha, kabla ya sherehe.