DM wetu anamkata akili chotara wa oki kwa sheria ya toleo jingine

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Kundi letu tunacheza Dungeons & Dragons mtandaoni, mchezo wa dadu ambao kila mtu anaigiza mhusika wa kubuni, na ni DM mwenyewe, yaani msimamizi wa mchezo, aliyetangaza kwamba tunafuata toleo la tano, kitabu cha 2014. Wote tukakubali. Nikatengeneza mhusika wangu: nusu-oki (chotara wa binadamu na oki, jamii ya majitu ya kubuni), mwanamke, mchawi wa kusomea vitabuni. Kwenye alama za uwezo, akili nikaipa 15, wepesi 14, ustahimilivu 13, nguvu nikaiachia 8. Kwa kuwa nusu-oki, anaongezewa 2 kwenye nguvu na 1 kwenye ustahimilivu. Hapunguziwi chochote, popote.

Bwana mkubwa DM kapokea karatasi ya mhusika wangu, kafuta 15 kaandika 13. Eti oki hana akili, kila mtu anajua. Namuuliza ukurasa gani, kimya. Baadaye ananitumia picha ya kitabu cha toleo la tatu, cha mwaka 2000! Ni kweli, huko nusu-oki alikuwa anakatwa 2 kwenye akili na 2 kwenye haiba. Lakini kitabu hichohicho kinamkata elfi, jamii nyingine ya kubuni, alama 2 za ustahimilivu, na elfi wa mwenzetu hajaguswa hata moja. Hiyo ni sheria au ni chuki?

Na asije mtu kuniambia 2 ni kitu kidogo. Mchawi anaishi kwa akili. Nikiwa na 15, adui lazima afikishe 12 kwenye dadu, pamoja na nyongeza zake, ndipo akwepe uchawi wangu. Nikiwa na 13, 11 inamtosha. Uchawi ninaoweza kuandaa asubuhi unashuka kutoka 3 hadi 2. Hapo ngazi ya kwanza tu, bado hata hatujatoka kijijini.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huyu mhusika ana mantiki kabisa. Mchawi anaanza na uhai kiduchu, wangu alama 8, shoka moja likimpata vizuri kalala. Nusu-oki uhai wake ukishushwa hadi 0 bila kuuawa papo hapo anabaki na 1, halafu anasubiri mapumziko marefu ndipo aweze tena. Nani anahitaji hiyo kuliko mchawi? DM jibu lake: "Ukitaka oki, cheza babariani," yaani mpiganaji wa nguvu na hasira. Kila nusu-oki babariani, kila babariani anafoka, tumechoka!

Halafu kaniandikia na historia bila kuniuliza: baba mvamizi, kijiji kimeteketezwa, mama analia. Kitabu cha 2014 kinasema wazi kuna jamii za oki na binadamu zinazoungana na kuoana. Wazazi wangu mimi walifunga ndoa, na mahari ilitolewa.

Wale wa "hamia toleo la 2024" nawaona mnakuja. Huko nusu-oki kaondolewa kitabuni, kabaki oki mwenyewe. Sihami.

Kikao ni Jumamosi. Karatasi isiporudi na 15 yake, nabeba dadu zangu. Mwenye kundi linalofuata kitabu kimoja mwanzo hadi mwisho na lina nafasi, ani-PM.