Kiuzbeki na Kikorea: ni ndugu wa tumbo moja, au wamefanana tu?

Mleta mada:

Wakuu, naleta hoja hii kwa sababu inarudiwa kila panapotajwa vijana wa Uzbekistan wanaojifunza Kikorea. Tunaambiwa wanakishika haraka kwa kuwa Kiuzbeki na Kikorea ni lugha ndugu, zimetoka kwa mzazi mmoja huko milima ya Altai. Nakubali kwamba zinafanana. Undugu siukubali, na nitaeleza kwa nini.

Tutazame kwanza huko kufanana, maana ni kwa kweli. Mwuzbeki anasema *men bozorda non yedim*. Mkorea anasema *naneun sijangeseo ppangeul meogeosseo*. Ukizifuata neno kwa neno zote mbili zinakwenda hivi: mimi, sokoni, mkate, nilikula. Kitenzi kwa kawaida hukaa mwisho. Mahali huonyeshwa kwa kiambishi cha nyuma ya nomino, *-da* kwa Mwuzbeki na *-eseo* kwa Mkorea, kama *-ni* yetu ya "sokoni". Hakuna ngeli, wala jinsia ya kike na kiume.

Kinachovutia zaidi ni vitenzi visaidizi, na hapa ndipo wengi wanaposhawishika. Sisi tukitaka kumwomba mtu tunasema "niandikie", tunachomeka *-i-* ndani ya kitenzi. Wao hutumia kitenzi cha kupa: *yozib ber* kwa Kiuzbeki, *sseo jwo* kwa Kikorea, yaani "andika upe". Kujaribu chakula ni "kula uone": *yeb ko'r*, na Mkorea *meogeo bwa*. Kukimaliza chote ni "kula utupe": *yeb tashla*, *meogeo beoryeo*. Kupa, kuona, kutupa, vitenzi vitatu vya kawaida vimepewa kazi zilezile katika lugha mbili zilizotenganishwa na maelfu ya kilomita. Mwanafunzi wa Tashkent akikutana na haya darasani lazima ahisi yuko nyumbani.

Sasa ingia kwenye maneno ya msingi, yale ambayo mtoto huyapata kabla ya kwenda shule. Moja, mbili, tatu, nne, tano kwa Kiuzbeki ni *bir, ikki, uch, to'rt, besh*. Kwa Kikorea ni *hana, dul, set, net, daseot*. Maji ni *suv*, kule ni *mul*. Jicho ni *ko'z*, kule ni *nun*. Mkono ni *qo'l*, kule ni *son*. Jino ni *tish*, kule ni *i*. Halafu muulize Mturuki wa Istanbul ahesabu: *bir, iki, üç, dört, beş*. Huo ndio undugu, hauhitaji kutafutwa kwa tochi.

Sisi Wabantu tunaujua mfano huu vizuri. Tatu ya Kiswahili ni *ithatu* kwa Mkikuyu, *misato* kwa Mlingala, *-thathu* kwa Mzulu. Kutoka Mombasa hadi Durban nambari inashikilia, na sauti zinabadilika kwa utaratibu. Kwa nini tuwadai Wauzbeki na Wakorea ushahidi mdogo kuliko tunaojidai wenyewe?

Hata sarufi yenyewe ina nyufa. Kitenzi cha Kiuzbeki humtaja mtendaji: *yozdim* niliandika, *yozding* uliandika. Nomino humtaja mwenye mali: *kitobim* kitabu changu, *kitobing* kitabu chako. Kikorea hakina vyote viwili. Kinachokishughulisha Kikorea ni heshima: kitenzi hubadilika mwisho kulingana na unayezungumza naye, mkubwa, rafiki au mgeni, kwa ngazi ambazo *sen* na *siz* za Kiuzbeki hazizifikii.

Karibuni tujadili kwa hoja.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, umeeleza vizuri ila umelifunga jalada mapema. Wazo hili halikuanzia vijiweni. G. J. Ramstedt, mtaalamu wa lugha kutoka Finland aliyekuwa mwakilishi wa kwanza wa nchi yake Japani, alichapisha sarufi ya Kikorea mwaka 1939 na utafiti wa asili ya maneno yake mwaka 1949. Ni mtu aliyetumia maisha yake yote kwenye lugha hizi.

Na msamiati upo. Jiwe kwa Kiuzbeki ni *tosh*, kwa Kikorea *dol*. Ukiona *sh* na *l* hazilingani, nenda kwa Wachuvashi wa kando ya mto Volga, ambao lugha yao ni ya jamii moja na Kiuzbeki: jiwe lao ni *chul*. Hapo *dol* haiko mbali tena.

Mwaka 2021 mtaalamu wa lugha Martine Robbeets na wenzake walichapisha kwenye jarida la *Nature* kazi iliyolinganisha lugha 98 pamoja na akiolojia na vinasaba. Walisema chimbuko la lugha hizi ni wakulima wa uwele na nafaka za aina yake, bonde la mto Liao Magharibi, yapata miaka 9,000 iliyopita. Kwa umri huo ungetarajia nambari zibaki zilezile? Wabantu ni vijana sana ukilinganisha.

Mchangiaji wa pili:

Naomba niwatoe kwenye miaka 9,000 niwalete 1937. Mwaka huo serikali ya Stalin iliwapakia kwenye treni Wakorea wa Mashariki ya Mbali ya Urusi, watu wapatao 172,000, kwa kisingizio cha kuzuia ujasusi wa Japani, ikawamwaga Kazakhstan na Uzbekistan. Walikuja na lahaja ya Hamgyong, kaskazini-mashariki mwa rasi ya Korea, na lugha yao hiyo inaitwa Koryo-mar. Mwaka uliofuata shule zao zikageuzwa kuwa za Kirusi.

Leo wajukuu wengi Tashkent wanazungumza Kirusi, na Kikorea cha Seoul wanajifunza darasani kama lugha ya kigeni. Kilichobaki hai mtaani ni *morkovcha*, kachumbari ya karoti inayouzwa kila soko. Koryo-mar inakufa na wazee wake. Inaniuma tunapogombania mababu wa zama za mawe huku lugha ya watu walio hai ikiachwa.

Mleta mada:

Mchangiaji wa pili, nakuunga mkono kabisa. Naongeza kwamba hata vijana wanaosoma Kikorea leo hawavutwi na undugu. Korea Kusini ilianzisha mpango wa vibali vya ajira mwaka 2004, Uzbekistan imo, na bila kufaulu mtihani wa Kikorea huingii. Wanasoma kwa ajili ya kazi. Ugumu wao unapunguzwa na ule mpangilio wa sentensi, na hilo halidai babu mmoja.

Mchangiaji wa kwanza, jiwe lako nalikubali kama swali zuri. Lakini tulifuate hadi mwisho. Uhusiano wa *sh* na *l* ndani ya lugha za Kituruki, yaani jamii yenye Kiuzbeki, Kichuvashi na lugha ya Istanbul, unarudi: *tosh* ni *chul* kwa Mchuvashi, *besh* ya tano ni *pillĕk*. Ikiwa Kikorea kimo kwenye mnyororo huo, tano yake ingebeba alama. Ni *daseot*. Neno moja linaloitikia na jingine lisiloitikia haliwezi kuitwa kanuni ya sauti.

Kuhusu Ramstedt, mtaalamu wa lugha za Kituruki Gerard Clauson alishaonyesha mwaka 1956 kwamba hata kati ya Kituruki na Kimongolia maneno mengi ya pamoja ni ya kukopana. Mwanaisimu Alexander Vovin aliwahi kuwa upande wenu, akahama, na mwaka 2005 akaandika uchambuzi mrefu wa kuipinga kamusi ya Kialtai (jina la ukoo huo unaodaiwa) iliyotoka 2003. Nayo kazi ya Robbeets ilipingwa mwaka 2022 na watafiti waliopitia upya data zake za lugha, vinasaba na akiolojia.

Kukopa tunakujua sisi. Kiuzbeki kina *kitob, vaqt, dunyo, xabar*. Bila shaka umeshayatambua: kitabu, wakati, dunia, habari. Yote yametoka Kiarabu, na hakuna anayesema Mswahili na Mwuzbeki ni wa ukoo mmoja.

Na umri wa miaka 9,000 unaumiza upande wako kuliko wangu. Kama muda ni mrefu kiasi cha kufuta nambari, jicho, mkono, maji na jino, basi umefuta pia kitu ambacho ungenionyesha. Niletee maneno kumi ya mwili wa binadamu, Kiuzbeki na Kikorea, yenye sauti zinazolingana kwa utaratibu mmoja, na yasiyo ya mkopo. Nitayapitia moja baada ya jingine.