Tupeane uzoefu: Siku nzima juu ya baiskeli katika milima ya mashamba

Keria ya Nyuma:
Ndugu zangu, jana nilikuwa nasafisha baiskeli iliyolala stoo tangu mwaka juzi, na nilipofungua pedali, udongo mwekundu wa Usambara ukamwagika sakafuni, nikabaki nacheka peke yangu. Tuliondoka Mombo saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukiwa watatu, tukiamini kwamba kilomita 33 hivi za kufika Lushoto tungezimaliza kabla ya chai ya saa nne. Tulifika saa nane mchana. Unaanzia kwenye mkonge, chini ya mita 500, unakwenda kuishia mita 1,400 hivi, na sisi hatukupata pa kuvutia pumzi hadi Soni, tulipojilaza karibu na maporomoko tukala plamu mpaka meno yakaingia ganzi. Nanyi mliopita milima ya mashamba, iwe Lushoto, Rungwe au kwingineko, elezeni mlikiona wapi cha mtema kuni.

Mnyororo Mkavu:
Jina la Soni ningeweza kulisahau, lakini magoti yangu hayatalisahau.

Binti Kiwira:
Kwangu ilikuwa Uyole kwenda Tukuyu, mwezi wa tatu, na yeyote anayeijua Rungwe anajua mvua ya mwezi huo. Barabara inapandisha kuelekea Isongole katikati ya mashamba ya viazi, na baridi ya huko ilinikamata vidole hadi nikawa siwezi kufungua chupa ya maji. Nilikuwa nimekunywa chai kavu tu asubuhi. Miguu ikaanza kutetemeka, macho yakaona giza, nikaiegemeza baiskeli kwenye rundo la magunia ya viazi. Bibi mmoja akanisalimu "Ugonile", akanitazama usoni, wala hakungoja jibu. Akaniwekea mkononi viazi viwili vya kuchemsha vyenye chumvi. Kutoka hapo hadi kwenye migomba ya Kiwira ni mteremko mtupu, lakini siwezi kusema niliufurahia, kwa sababu vidole vilivyokufa ganzi havijui vimebana breki au havijabana.

Gia Moja:
Poleni, ila tuambiane ukweli: anayekokota baiskeli hajaupanda mlima. Mimi nilikwenda Lushoto na baiskeli isiyo na gia na sikushuka hata mara moja.

Keria ya Nyuma:
Kaka, hakuna aliyesema kwamba tulikokota.

Gia Moja:
Saa saba na nusu kwa kilomita 33? Mlikokota.

Keria ya Nyuma:
Tulikokota kidogo.

Pancha Tatu:
Acheni hilo la kukokota, kwa maana kupanda hakujamuua mtu. Semeni kuhusu kushuka. Tulikuwa tunateremka kutoka Lushoto saa tisa alasiri, manyunyu yameanza, nami nyuma nimefunga hema, sufuria na mizigo mingine ambayo sikuihitaji. Kabla ya kufika Soni nikasikia "twa!", waya wa breki ya nyuma umekatika. Nikabana ya mbele, na raba zake, ambazo fundi alinishauri nizibadilishe nami nikamjibu kwamba zitanifikisha nyumbani, zikateleza juu ya rimu iliyolowa kana kwamba imepakwa mafuta. Nikaburuza miguu yote miwili hadi soli ya kiatu kimoja ikabaki barabarani. Mbele lori linajikongoja, kutoka chini basi dogo linapandisha likipiga honi, kulia ni bonde, na kushoto, kwenye kingo ya mlima, kina mama wamerundika kabeji wakisubiri gari. Nikachagua kabeji. Nakumbuka majani yakinipita usoni, kisha kimya, kisha gurudumu la mbele likizunguka peke yake karibu na sikio langu, tik, tik, tik, njiti iliyokatika ikigonga uma. Mama mmoja akaja, akahesabu kwanza kabeji zilizopasuka, ndipo akaniuliza, "Mwanangu, umeumia?"

Mnyororo Mkavu:
Ee Mola! Mkono ulivunjika?

Pancha Tatu:
Ulivunjika kifundoni, na hadi leo ukipigwa na baridi unanikumbusha.

Mwana wa Bumbuli:
Pole sana, lakini mimi ni mwenyeji. Mteremko mkali hasa uko chini ya Soni, kwenye majabali. Hapo juu mtu angeweza kujizuia kwa miguu.

Pancha Tatu:
Mwenyeji, njoo ujizuie kwa miguu ukiwa na hema, sufuria na mvua.

Fundi wa Njiani:
Kosa ni kubana breki mfululizo. Rimu hupata moto, na ukiwa umeziba pancha kwa kiraka, gundi inalegea na upepo unatoka ukiwa katikati ya kona. Bana, achia, bana, achia, ukipokezana ya mbele na ya nyuma. Niligusa rimu siku moja baada ya mteremko mrefu nikaacha ngozi ya kidole.

Gia Moja:
Breki ya mbele usiiguse kabisa, itakurusha.

Fundi wa Njiani:
Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha baiskeli, mzee wangu, kwa sababu uzito wote huhamia mbele. Hurusha mtu anayeishtukiza, hasa kwenye kokoto.

Binti Kiwira:
Mimi nashauri viazi viwili mfukoni. Mengine mtabishana mkiwa mmeshiba.

Mnyororo Mkavu:
Pancha Tatu, hujatuambia kabeji zilikuwa ngapi.

Pancha Tatu:
Zilikuwa 11, na nililipia zote. Mama yule akakataa katakata niziache, kwa hiyo nilishuka hadi Mombo ndani ya lori la mboga, mkono umefungwa kwa kanga yake, na kabeji 11 zilizopasuka zimenilalia mapajani.