Naomba ushauri: kiungo changu cha EchoLink hakipokei wito kutoka nje, na mwanzo wa maneno yangu unakatika

Msikilizaji_Mita2 (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu katika jambo lililonishinda kwa wiki tatu sasa. Nina leseni ya redio ya ridhaa, na kwa kuwa ninaishi ghorofani pasipo nafasi ya kutandaza antena ya mawimbi mafupi, niliamua kujenga kiungo kidogo cha EchoLink, mfumo unaounganisha redio za ridhaa kupitia intaneti. Redio moja ya mkononi ya bendi ya mita 2 imeunganishwa na kompyuta kupitia kadi ya sauti ya USB, kompyuta iko kwenye intaneti, nami huzunguka na redio ya pili nikiita kupitia ile ya kwanza. Nilithibitishwa baada ya kutuma nakala ya leseni, na alama yangu ya wito, ikiishia na -L ya kiungo, inaonekana kwenye orodha ya nodi, yaani vituo vilivyounganishwa na mfumo.

Ninapopiga nodi za wengine napokewa vizuri, lakini wao wakinipiga hawanipati kabisa. Pia wanaonisikia hulalamika kwamba mwanzo wa maneno yangu haufiki, na mwenzangu mmoja wa mbali aliniandika kwenye daftari lake kwa alama isiyo yangu, kwa sababu herufi mbili za kwanza zilimezwa. Lililonitia aibu zaidi ni hili: usiku mmoja nilipitiwa na usingizi nikiwa nimeunganishwa na mkutano wenye nodi nyingi, nikaamka alfajiri na kukuta taa ya kijani ya kupokea inawaka mfululizo, spika inakwaruza, na msimamizi wa mkutano ameizuia nodi yangu kwa kuwa mkwaruzo ule ulikuwa ukiwazuia wengine wasiseme.

Zaidi ya hayo, mkongwe mmoja ameniambia kwamba ninachofanya ni kupiga simu kwa kutumia antena. Maneno hayo yameniumiza, kwa kuwa jioni ninapomsikia mtu wa bara jingine kwenye redio iliyo mkononi mwangu, moyo wangu huniambia vingine. Je, niendelee, au niache nijikusanye kwa ajili ya mawimbi mafupi?

Fundi_wa_Ruta

Kaka, hilo la kutopigiwa halihusiani na redio, ni la ruta. EchoLink hupokea sauti na ishara za udhibiti kwenye poti (milango ya mtandao) za UDP 5198 na 5199, na hutumia TCP 5200 kutoka nje kwenda kwenye seva zinazotunza orodha ya nodi. Wewe unapopiga, ruta yako inajua kwamba jibu linatarajiwa, kwa hiyo inaliruhusu liingie. Mgeni anapopiga, ruta haijui ampeleke kwa kompyuta ipi, inamwacha mlangoni. Ipe kompyuta ya kiungo anwani isiyobadilika ndani ya nyumba, elekeza zile poti mbili za UDP kwenye anwani hiyo, kisha ruhusu programu hiyo katika kinga ya kompyuta yenyewe.

Kabla hujahangaika sana, linganisha anwani ya nje inayoonyeshwa ndani ya ruta na ile inayoonekana na tovuti yoyote ya kupimia anwani. Zikitofautiana, mtoa huduma wako anawagawia wateja wengi anwani moja, jambo la kawaida hasa kwenye intaneti ya simu, na hakuna utakachokibadilisha kwenye ruta kitakachosaidia. Hapo tumia proksi ya EchoLink, ambayo inaongea na dunia kwa niaba yako na wito wa nje hukufikia kupitia kwake. Kumbuka tu kwamba proksi moja huhudumia mtu mmoja kwa wakati mmoja, hivyo kiungo cha kudumu hakifai kukalia zile za umma. Tafuta namna ya kuendesha ya kwako.

Dada_Feriti

Nimeendesha kiungo kwa miaka kadhaa, na ningependa tulizungumzie suala la sauti kwa kirefu, kwa kuwa huko ndiko viungo vingi vinakoharibika huku mwenyewe akiamini kwamba kila kitu kiko sawa.

Fuatilia safari ya neno lako. Unabonyeza kitufe, redio yako inaanza kurusha. Redio ya kiungo inafungua skwelchi, ile kinga inayonyamazisha spika pasipo mawimbi. Kompyuta inatambua kwamba kuna sauti na kuanza kuituma. Kompyuta ya mbali inakusanya vipande kidogo kabla ya kuvicheza. Redio ya huko inaanza kurusha. Ndipo redio ya msikilizaji inapofunguka. Kila hatua inakula sehemu ya sekunde, na zikijumlishwa ndizo zile herufi mbili zako. Bonyeza, hesabu moja kimoyomoyo, kisha sema. Na mwenzako anapomaliza, usimrukie: acha sekunde mbili au tatu kamili, kwa sababu huenda kuna mtu wa tatu anayetaka kuingia, au mtu wa huko anayetaka kutuma namba kwa vitufe ili akate kiungo, na hawawezi kama hakuna upenyo.

Lakini kwa redio za mkononi kuna mwizi mwingine ambaye wengi hawamkumbuki. Redio hizi zina hali ya kutunza betri, ambapo kipokezi hulala na kuamka kwa vipindi ili kuangalia kama kuna mawimbi. Ukianza kusema kikiwa kimelala, maneno ya mwanzo hupotea kabla hata hayajafika kwenye kompyuta. Ingia kwenye menyu ya redio ya kiungo uizime hali hiyo kabisa. Redio hiyo ilishwe na umeme wa nje, haina haja ya kusinzia.

Kuhusu usiku ule, naona skwelchi yako ilifunguliwa na kelele za umeme, pengine za chaja au za kompyuta yenyewe, na kompyuta ikadhani kuna mtu anasema. Weka toni ya chini ya utambulisho, kwa mfano 88.5 Hz, kwenye redio zote mbili, ili ile ya kiungo isifunguke mpaka isikie toni hiyo. Itakuongezea takriban robo ya sekunde ya kusubiri mwanzoni, na ninakuhakikishia kwamba robo hiyo ina thamani. Kisha, kwenye mipangilio ya programu, weka kikomo cha muda wa kupokea. Dakika 3 zinatosha kwa mtu anayejua kusema. Ukiweza baadaye, achana na kutambua sauti kwa kiwango chake, utumie ishara ya skwelchi ya redio yenyewe. Redio nyingi za garini zina soketi ya data ya pini 6 nyuma yenye ishara hiyo tayari, ilhali kwenye redio ya mkononi mara nyingi ni lazima ufungue na kuvuta waya kutoka kwenye saketi ya ile taa ya kijani.

Baada ya hapo piga nodi 9999, ambayo hukurudishia sauti yako mwenyewe. Usisikilize kama inasikika tu, sikiliza kama unaweza kuivumilia kwa nusu saa. Ikinguruma, weka transfoma ndogo ya kutenga, ya uwiano wa 1:1, kati ya redio na kadi ya sauti. Ikiwa kompyuta inaganda au kitufe kinajishika unaporusha, mawimbi yanaingia kwenye waya za USB. Zivishe vipete vya feriti vya kuzuia mawimbi na usogeze antena mbali na meza. Nguvu ya redio ya kiungo iwe ndogo kabisa inayokufikia, kwani mkutano ukichangamka redio hiyo inarusha karibu muda wote, na redio ya mkononi haikuundwa kwa kazi hiyo.

Mkongwe_Mawimbi_Mafupi

Kijana wangu, huenda si mimi niliyekuambia maneno yale, lakini miaka ya nyuma ningeweza kuyasema, na leo ninajuta.

Mawasiliano ya kiungo hayahesabiwi kwenye DXCC, tuzo ya kuwasiliana na nchi nyingi, na hiyo ni haki, kwa sababu tuzo hiyo inapima yale unayoyaweza kwa antena yako na ayonosfea, tabaka la juu la anga linalorudisha mawimbi duniani. Kwa hiyo yaandike kwenye daftari, lakini eleza wazi kwamba yalipitia EchoLink na uandike namba ya nodi. Kosa ni kuyachanganya mawili haya, si kuyafanya. David Cameron, VE7LTD, alipoanzisha IRLP, mfumo mwingine wa kuunganisha redio kwa intaneti, huko Kanada mwaka 1997, alitaka watu waingie kwa redio tu, pasipo kukaa mbele ya kompyuta. Jonathan Taylor, K1RFD, alipoitoa EchoLink mwaka 2002, alifungua mlango hata kwa mwenye kompyuta peke yake. Mimi nilikuwa upande wa kwanza kwa ukali mkubwa, mpaka mguu uliponiweka kitandani miezi minne, antena zangu zikiwa juu ya paa na mimi chini. Kiungo cha jirani yangu mwenye leseni ndicho kilichonikutanisha kila asubuhi na watu niliokuwa nikiongea nao kwenye 14 MHz.

Ninachokuomba ni uiheshimu leseni yako. Kiungo kinachorusha usiku ukiwa umelala ni stesheni yako, na kila neno linalotoka humo linatoka kwa alama yako ya wito. Soma masharti yako uone kama unaruhusiwa kuiacha bila mtu, na uwe na njia ya kuizima ukiwa mbali. Kwenye bendi ya mita 2 usiweke kiungo kati ya 145.800 na 146.000 MHz, kwa kuwa hapo ni mahali pa setilaiti.

Msikilizaji_Mita2 (mleta uzi)

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Nimerudi na matokeo.

Anwani zilitofautiana, kama alivyohisi Fundi, kwa hiyo nimeweka proksi yangu kwenye seva ndogo ya kukodi, na jana nilipigiwa kutoka nje kwa mara ya kwanza. Dada_Feriti, ile hali ya kutunza betri ilikuwa imewashwa tangu nilipotoa redio kwenye boksi. Nilipiga 9999 kabla ya kuizima, nikasikia alama yangu ikianzia katikati. Nikaizima, nikapiga tena nikisubiri sekunde moja kabla ya kusema, na alama ilirudi nzima. Nilisimama pale dirishani nikairudia mara tano. Toni na kikomo cha dakika 3 vimewekwa, na msimamizi wa mkutano, baada ya kumwandikia kumwomba radhi, ameniruhusu kuingia tena.

Sasa nauliza jambo moja la mwisho. Kuna ripita, yaani kituo kinachopokea na kurusha upya sauti za redio ili zifike mbali, ninayoisikia vizuri kutoka hapa. Je, naweza kukielekeza kiungo changu kwenye ripita hiyo ili wengine nao wafaidike?

Dada_Feriti

Si kabla ya kuzungumza na mwenye ripita na kupata ruhusa yake ya maandishi, na hata akikubali kuna mtego wa kiufundi. Ripita huendelea kurusha sekunde chache baada ya mtu kuachia kitufe, pamoja na mlio wake mfupi wa kuashiria zamu. Huo ndio mkia wake, na kiungo chako kitausikia na kuutuma mbali. Upande wa pili nao ukiwa na ripita ya namna hiyo, mkia wa huku utaiwasha ya kule, mkia wa kule utaiwasha ya huku, nazo zitajibizana hivyo usiku kucha pasipo mtu hata mmoja kusema. Mwombe mwenye ripita aifanye iache kurusha toni pale tu mtu anapoachia kitufe. Hapo kiungo chako kitafunga mara moja na mkia hautavuka.

Mkongwe_Mawimbi_Mafupi

Marahaba, mwanangu. Ukishapata ruhusa hiyo, ianze kwa saa moja jioni ukiwa umekaa karibu na swichi. Na kuhusu mawimbi mafupi, waya wa mita 10 uliokatwa katikati unatosha kwa 14 MHz. Pima urefu wa kibaraza chako uniandikie, tuone tutaukunja vipi.