Bunduki ya nakala ya Springfield 1873 (risasi za .45-70): mwisho wa presha ni ngapi?

Mkulima_Mufindi: Wakuu, shikamooni. Nina nakala ya Springfield 1873, ile ya mlango wa kufunguka kwa juu. Risasi yoyote ya .45-70 inafaa?

Fundi_Iringa: Marahaba. Hapana. Kikomo cha presha cha SAAMI (taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya risasi) kwa .45-70 ni psi 28,000 (pauni kwa inchi ya mraba), kimewekwa chini kwa ajili ya bunduki kama hiyo. Boksi la risasi lenye "+P" (presha ya juu), au linalotaja Ruger No. 1 (bunduki ya kisasa iliyo imara zaidi), rudisha dukani. Ganda litaingia vizuri tu, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Baruti_Mbeya: Kabla ya yote soma mtutu. Ukigongwa maandishi ya baruti nyeusi tu, basi ni hiyo tu. Usijaribu baruti isiyo na moshi kwa ujazo uleule, mtutu unaweza kupasuka.

Fundi_Iringa: Nyongeza: futa mafuta kwenye chemba (sehemu ya mtutu inapokaa risasi). Ganda lenye mafuta halishiki kuta, msukumo unarudi wote kwenye mlango. Ganda likigoma kutoka, au fataki (kiwashio kwenye kitako cha ganda) ikitoboka, acha kupiga hapohapo. Ila usizisubiri dalili hizo zikupimie presha, huchelewa.

Mkulima_Mufindi: Mtutu hauna maandishi hayo. Boksi nalirudisha.