Betri kavu ya gari la kambi imevimba ikiwa kwenye chaja

Mkazi_Mbezi: Ndugu wanajamvi, nina Hiace niliyoigeuza kuwa gari la kulala safarini, yenye betri kavu (ile iliyozibwa, isiyoongezwa maji) ya volti 12 kwa ajili ya taa na friji. Gari linapokaa nyumbani muda mrefu, huiacha betri kwenye chaja usiku na mchana ili isiishe nguvu, na sasa imevimba ubavuni. Je, chaja ndiyo inayoiua?

Fundi_Gerezani: Ndugu, betri hiyo ichomoe leo na usiirudishe garini. Ukifunga mpya, pima volti kwenye vichwa vyake ikiwa imeshajaa na chaja bado inafanya kazi. Ukikuta 14.4 saa nyingi baada ya kujaa, mhalifu ni chaja, kwani kiwango hicho ni cha kumalizia tu, na baada yake inapaswa kushuka yenyewe hadi kati ya 13.5 na 13.8. Chaja nyingi za gereji hazishuki, maana zimeundwa kuamsha betri iliyolala, si kuitunza. Umeme unaozidi huyachanganua maji ya ndani kuwa haidrojeni na oksijeni. Betri kavu huweza kuzigeuza gesi hizo kuwa maji tena, lakini zikiwa nyingi mno vali hufunguka, zikatoka, na maji hayo hayarudi. Atakayejitolea kung'oa vifuniko aongeze maji ya betri, mkatalie.

Mvuvi_Kigamboni: Naongezea suala la joto, ambalo hapa Dar es Salaam si dogo. Viwango alivyotaja fundi ni vya nyuzijoto 25, ilhali ndani ya gari lililoegeshwa juani mwezi Februari joto hupita 35 kwa urahisi. Kwa kila nyuzi inayozidi, volti zipungue takriban 0.02 hadi 0.03, hivyo tafuta chaja yenye kihisi joto, na kihisi kifungwe kwenye betri yenyewe. Betri ikiwa ya jeli, hata 14.4 inaweza kuwa nyingi, kwa hiyo soma maandishi ya ubavuni kabla ya kurekebisha chochote.

Mkazi_Mbezi: Nashukuru sana. Je, siwezi kuichomoa tu chaja gari likiwa halitumiki?

Fundi_Gerezani: Unaweza, na mimi napendelea hivyo. Ijaze, kisha fungua waya hasi ili redio na king'ora visiinyonye. Ipime kila mwezi, na ikishuka hadi volti 12.5 ichaji tena.